Mgonjwa wa Mshororo wa Tatu

Shairi langu lililopata kelele kuliko yote sikuliona likiwa limechapishwa kwa miaka 26. Nilijua limetoka kwa sababu kuna mtu alilijibu.

Nilipangiwa kufundisha Kigwe mwaka 1993, nikitokea chuo cha ualimu Mpwapwa. Kigwe ni stesheni ndogo ya Reli ya Kati ukitoka Dodoma kwenda Bahi. Miaka ile kulikuwa na mibuyu, vumbi, duka moja la sukari na sabuni, na gari moshi. Gari moshi ndilo lililotuletea kila kitu kutoka duniani, magazeti yakiwemo, na ndilo lililonifahamisha na mzee niliyemwita Mzee Karani. Alikuwa karani mstaafu wa reli. Magadi, wale wasimamizi wa treni, waliomfahamu tangu enzi zake walimrushia magazeti na majarida dirishani, mengine ya wiki iliyopita, mengine yakiwa yamekwisha kusomwa na mabehewa matatu. Jioni alikaa chini ya mti nje ya nyumba yake, miwani imefungwa kwa uzi, anasoma kila kitu hadi matangazo ya tanzia. Lakini kwanza alifungua ukurasa wa mashairi.

Siku ya kwanza nilipompitia nikamwamkia, "Shikamoo mzee," akaniitikia, kisha akaongeza "Mbukwenyi!" kwa sauti ya kupima kama binti huyu ni wa hapa au wa kuja. Nikaitika kwa Kigogo. Akaniambia nikae.

Kwa vijana mnaosoma haya, inabidi nieleze ukurasa wa mashairi ulikuwa kitu gani. Haukuwa mahali pa kuonyesha kipaji. Ulikuwa baraza. Mtu anatupa hoja kwa beti sita au saba, chini anaweka jina lake, lakabu yake, sanduku la posta na mji. Mwezi unaofuata mwingine kutoka Tabora au Tanga anamjibu kwa vina vilevile, wa tatu anaingilia, wa nne anawasuluhisha, na mhariri akichoka anaandika "mjadala umefungwa". Mambo hayo ni ya zamani. Gazeti la Mambo Leo, lililoanza 1923, lilikuwa na mashairi ya wasomaji, na kila gazeti la Kiswahili lililokuja baadaye lilirithi desturi hiyo. Baada ya 1992, vyama vingi viliporudi, magazeti yakaota kama uyoga na kila moja likatafuta washairi wake. Hatukulipwa, na wala hatukuuliza.

Kuhusu sisi wa Dodoma, watu wa pwani walikuwa na tabia ya kushangaa kwamba bara nako kunatungwa. Sijui kwa nini. Shaaban Robert mwenyewe aliwahi kukaa Mpwapwa akiwa karani wa serikali, na pale chuoni tulijigamba naye kana kwamba alikuwa mwanachuo mwenzetu. Na Mathias Mnyampala ni Mgogo wa Ihumwa, hapo njiani ukielekea Dar es Salaam, ambapo siku hizi mabasi ya watumishi yanapita kwenda Mji wa Serikali, Mtumba. Alizaliwa 1917, akafa 1969, na vitabu vyake viwili vya Ngonjera za UKUTA (Usanifu wa Kiswahili na Ushairi Tanzania) vilitoka 1970 na 1971, mwenyewe akiwa kaburini. Mtu yeyote aliyesoma shule ya msingi nchi hii na kupangwa mstari mbele ya mgeni rasmi, mmoja akijifanya mjinga na mwenzake mwerevu, wakabishana kwa vina mpaka mjinga akakubali, amekula chakula cha Mnyampala. Mimi siku zote nilipewa sehemu ya mjinga. Mwalimu alisema sauti yangu inafaa.

Mzee Karani ndiye aliyenifundisha mizani sawasawa. Chuoni nilijifunza kwamba mshororo una mizani kumi na sita, nane upande huu na nane upande huu, nikajibu mtihani nikafaulu. Yeye alinifundisha kwa karanga. Aliweka karanga nane kushoto na nane kulia, nikisoma silabi anasogeza karanga. Ikitokea silabi ya tisa, anachukua karanga kwenye kopo, anaivunja, anaila, ananitazama. Nilimshibisha sana mwaka ule.

Nilimpelekea shairi lililoanza kama mashairi yote ya magazeti yalivyoanza: "Mhariri nipe nafasi." Akala karanga. Nikabisha kwamba wakongwe wote wanaandika hivyo. "Wanameza hiyo M," akasema. "Wewe bado hujafika umri wa kumeza. M ni silabi. Hesabu." Nikahesabu, ni tisa kweli. Tangu siku hiyo sijaweza kusoma mshororo huo popote bila kusikia ganda la karanga likivunjika.

Shairi langu la kwanza kutoka, mwaka 1996, lilitoka kwenye gazeti moja la juma ambalo sitalitaja kwa sababu bado nina kinyongo nalo. Lilikuwa shairi la kuwasifu walimu wa vijijini. Nilipolituma liliandikwa "Mwalimu afunda wana." Lilipochapishwa liliandikwa "Mwalimu afunga wana." Herufi moja. Na kwa kuwa ulikuwa mshororo wa kituo, lilirudiwa mara saba, mwisho wa kila ubeti: mwalimu afunga wana, mwalimu afunga wana. Afisa elimu mmoja alipokuja kukagua shule aliniuliza kama hao wana nimekwisha kuwafungua. Walimu wenzangu walicheka hadi machozi. Mimi nililia ya kweli, kwa Mzee Karani, na nikaapa kwamba sitatuma tena.

Kumbukeni kilio hicho, kina kazi huko mbele.

Nikatuma tena, bila shaka. Msimu wa 1996/97 mvua zilitukimbia. Januari, mwezi ambao uwele shambani unatakiwa kumfikia mtu magotini, ulikuwa umelala chini kama nywele za mtu aliyeamka. Watoto walikuja shule bila kula, wengine hawakuja. Nikaandika beti saba kwenye karatasi ya fulskapu, upande mmoja tu kama jarida nililolikusudia lilivyoagiza, nikampa mwenzangu aliyekuwa anakwenda mjini kufuata mishahara akanipostie. Ubeti wa kwanza ulikuwa huu:

Mhariri nipe njia, nina langu la kusema,
Dodoma naililia, mvua imetuhama,
Uwele unasinzia, mtama umeinama,
Wingu linatupitia, halina hata salama.

Mzee alisogeza karanga zake mpaka mwisho na hakula hata moja. Hakusema kitu. Kwa jinsi nilivyomjua, ile ilikuwa ni vigelegele.

Halafu kimya. Wahariri wa wakati ule hawakuandika barua za kukataa. Usipoona kitu, ndiyo jibu lako. Katika miaka yote hiyo nilipata barua moja tu, ya mhariri wa jarida jingine, mistari miwili kwa taipureta: "Ubeti wa tatu umepwaya. Rekebisha, utume tena." Ninayo hadi leo. Nilirekebisha, nikatuma, jarida hilo likafa kabla ya toleo lililofuata.

Mwezi ukapita, mitatu, sita. Nikalisahau shairi la ukame. Na mwisho wa mwaka 1997 ikaja El Niño. Aliyekuwepo anajua. Mbingu zilifunguka zikasahau kufungwa, Dodoma ikawa matope, na huko Kilosa hadi Gulwe, reli inapofuatana na mto Mkondoa, maji yakaondoka na tuta. Gari moshi likakatika. Ndipo, katikati ya gharika hiyo, jarida likaamua kulichapisha shairi langu la kulilia mvua.

Hilo sikulijua wakati huo. Nilijua Februari, Mzee Karani alipokuja shuleni mwenyewe, suruali imekunjwa hadi magotini, jarida limefungwa ndani ya mfuko wa nailoni. "Mwalimu," akasema, "umejibiwa." Nikamuuliza nimejibiwa nini. Akafungua. Kulikuwa na shairi la mtu wa Tanga, mwenye lakabu ya ndege fulani wa baharini, na kichwa chake kilitaja lakabu yangu:

Dada yangu nasikia, wingu lenu limegoma,
Huku kwetu latujia, kila siku languruma,
Nyumba zimetumbukia, twalala tumesimama,
Lichukue nakwambia, silitaki ninahama.

Nilisimama mlangoni mwa darasa la tatu na chaki mkononi, sijui nicheke au nifanye nini. Mtu nisiyemjua, ambaye nyumba yake pengine ilikuwa inaingia maji kweli, amekaa na maneno yangu, akahesabu silabi zake nane kwa nane, akashika vina vyangu, akanitania kama shemeji. Nimechapishwa mara nyingi baada ya hapo. Sijapata tena kusikia miguu ikilegea namna ile.

"Toleo lenye la kwangu liko wapi?" nikauliza.

"Gari halikulileta," akasema mzee. "Reli si imekatika?"

Nikakubali. Ilikuwa kweli kwamba reli imekatika.

Tatizo lilikuwa ubeti wa tatu wa yule bwana wa Tanga. Ulikuwa na mshororo huu: "Naye mgonjwa mwambia, anywe uji wa mtama." Mgonjwa gani? Mimi sikuandika habari za mgonjwa. Nilizisoma upya beti zangu kwenye daftari, zote saba, sikuona hata mafua. Nikamuuliza Mzee Karani. Akavuta miwani, akasoma polepole, akasema huenda ni fumbo. Watu wa pwani, akasema, hawawezi kukaa ubeti mzima bila fumbo.

Nikatunga jibu. Nilijikaza nikamtania naye: "Nitumie kwa gunia, nauli nitaituma." Kuhusu mgonjwa niliogopa kuonekana mshamba, kwa hiyo nikaandika, kwa maneno mengine, kwamba mgonjwa anaendelea vizuri, anashukuru kwa salamu. Mwenyezi Mungu anisamehe.

Basi ndiyo nikawa nimefungulia ng'ombe. Mshairi wa Tabora akaingia akidai amefumbua: mgonjwa ni kilimo, uji wa mtama ni jembe la mkono. Mwingine, nadhani wa Morogoro, akamwambia amepotea, mgonjwa ni uchumi na dawa yake si uji. Mama mmoja wa Singida akaandika beti tisa kali akisema wanaume wanageuza kila kitu siasa, mgonjwa ni mtoto mwenye njaa na mwenye shairi amesema wazi. Niliposoma hilo niliona aibu, kwa sababu watoto wenye njaa nilikuwa nao kweli darasani, na mimi sikuwataja. Malumbano yalikwenda hadi mwezi wa tisa. Mara mbili nilishika kalamu nimwandikie mhariri nimuulize mgonjwa ametoka wapi. Mara zote mbili Mzee Karani alinizuia.

"Usiulize, Mwalimu. Mwache mgonjwa aendelee kuugua. Unaona watu wanavyokuja kumjulia hali?"

Mhariri akaufunga mjadala. Sikuwahi kuonana na hata mmoja wa watu wale. Bwana wa Tanga alinitumia kadi ya Idi mara moja, yenye picha ya jahazi.

Miaka iliyofuata niipitishe haraka. Nilichapisha kwenye jarida la dini, ambalo mhariri wake aliondoa ubeti wenye pombe ya mtama na kuweka wa kwake wenye maziwa. Nilichapisha kwenye jarida la walimu vijana wa hapa mkoani, nakala 60 zilizotolewa kwa mashine ya kudurufu ya shule moja usiku, wino ukitia doa kila kidole. Hao vijana hawakutaka vina. Walikuwa wamesoma Kezilahabi, ambaye diwani yake ya mashairi, Kichomi, ya 1974 iliwagombanisha wazee na wasomi kuhusu kama shairi lisilo na vina ni shairi, na ugomvi huo kwao ulikuwa bado wa moto. Niliwatungia moja huru. Nikampelekea Mzee Karani, akaweka karanga mezani kwa mazoea, akasikiliza mpaka mwisho, akazirudisha kwenye kopo. "Ni barua nzuri," akasema. "Nani ameikatakata?" Lakini alilisoma tena kesho yake, nilimwona.

Malipo? Mara moja, kwa hawala ya posta, shilingi 2,000. Ilibidi niende mjini kuzichukua. Nauli, chai na mandazi mawili yakanibakizia ya kununulia stempu.

Mzee Karani alifariki 2009. Tulimzika huko huko Kigwe, asubuhi, gari moshi likapita wakati tunashusha jeneza, na dereva, sijui kama alijua au ni kona tu, akapiga honi ndefu.

Nilistaafu, nikajenga Nkuhungu, ambako vumbi ni lilelile ila majirani ni wengi. Mwaka 2024 mjukuu wake, msichana niliyemfundisha darasa la tatu na sasa ana watoto wake, alinipigia: wanavunja nyumba ya babu, kuna sanduku la bati limejaa magazeti, nalitaka au wachomee mchwa? Akaja nalo kwenye bodaboda kutoka stendi. Mwezi huohuo watu walikuwa wanashangilia treni ya umeme inayotoka Dar es Salaam hadi hapa kwa saa nne hivi. Mimi nilikuwa sakafuni nafunua karatasi za treni ile nyingine.

Mchwa walikuwa wamekula chini. Juu yalikuwa salama. Kila ukurasa wa mashairi ulikuwa na alama za penseli: vijistari juu ya silabi, duara palipozidi, msalaba palipopungua. Alikuwa ameyakagua mashairi ya nchi nzima kwa miaka arobaini na hakumwambia mtu. Na ndani ya bahasha ya khaki, peke yake, lilikuwepo toleo la Desemba 1997.

Shairi langu lilikuwa ukurasa wa 22, chini ya tangazo la dawa ya kuhifadhi nafaka. Nikasoma.

Mhariri nipe njia, nina langu la kusema,
Dodoma naililia, mvua imetuhama,
Mwele anasinzia, mtama umeinama…

Pembeni mwa mshororo wa tatu, kwa penseli, kulikuwa na tarakimu moja: 7. Na duara kuizunguka, limekolezwa mara mbili.

Ilinichukua dakika nzima. Pwani uwele ni ugonjwa na mwele ni mgonjwa. Kwetu uwele ni ugali. Mhariri, mtu mwenye Kiswahili chake kizuri, aliona uwele unasinzia, akaona mwandishi wa bara amekosea ngeli, akamsaidia. Akanipunguzia mizani moja na kunizalia mgonjwa. Yule bwana wa Tanga akamwona mgonjwa kalala, kando yake mtama umeinama, akafanya kama mtu yeyote aliyelelewa vizuri angefanya: akashauri uji.

Na mzee alijua. Alijua tangu siku ya kwanza. Gari lilileta, labda kabla reli haijakatika, labda baada. Akaona 7, akanikumbuka nilivyolia kwa ajili ya "afunga wana", akalitia kwenye bahasha. Hiyo ndiyo sababu ninayotaka kuiamini. Lakini nikimkumbuka anavyosoma lile jibu polepole, miwani puani, akisema "huenda ni fumbo", nashindwa kuapa kwamba hakuwa anafurahia. Miezi yote ile mikoa mitano inabishana, na mtu pekee anayemjua mgonjwa amekaa chini ya mti Kigwe anavunja karanga.

Sasa nina mswada wa diwani kwa mchapishaji mmoja. Mashairi 41. Nimeweka shairi la ukame kama nilivyolitunga, uwele unasinzia, mizani nane, na nyuma yake nimeweka majibu ya watu wote walioingia, kwa sababu bila wao shairi lile ni malalamiko tu ya mwalimu mmoja. Juzi mhariri wangu, kijana mpole sana, alinipigia simu.

"Shikamoo mama. Samahani, kuna kitu hakijakaa sawa. Hawa wote wanamzungumzia mgonjwa, na kwenye shairi lako hakuna mgonjwa. Tuweke maelezo kidogo chini ya ukurasa?"

Nikamwambia, "Marahaba, mwanangu. Usiweke."

"Wasomaji watauliza, mama."

"Waache waulize."

Akanyamaza kidogo. Kisha akasema, kwa sauti ya mtu anayejaribu karata, kwamba yeye binafsi anadhani mgonjwa ni demokrasia.

Nimemwambia aandike, aniletee, nitahesabu mizani.